Kijiti cha Kuchochea Moto

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kijiti chake cha kuchochea moto, kipande cha mkoko kilichonyooka, ambacho hakuruhusu mtu mwingine kukigusa. Kila nilipokwenda Pangani wakati wa likizo nilikikuta pale pale, kimeegemezwa ukutani karibu na mafiga. Alikitumia kusogeza kuni, kupekua majivu na kuamsha makaa yaliyolala. Hakikuwa kuni, hakuna aliyekitia motoni kwa nia ya kukiunguza. Hata hivyo kila likizo nilikikuta kifupi kuliko nilivyokiacha, ncha yake imeliwa na kuwa nyeusi, mpaka mwaka mmoja nikamkuta bibi ameshika kingine. Nilipouliza cha zamani kimekwenda wapi, alinicheka. "Kimeliwa na kazi yake, mjukuu wangu."

Miaka michache baadaye, nikiwa kidato cha tatu, mwalimu wa kemia alituandikia ubaoni maana ya kichocheo. Aliiandika kwa Kiingereza, kwani ndiyo lugha ya masomo ya sekondari nchini Tanzania, nasi tuliikariri kwa Kiingereza: kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kikemia bila chenyewe kutumika wala kubadilika. Katika mlinganyo, kichocheo huandikwa juu ya mshale. Hakihesabiwi upande wa kushoto pamoja na vinavyoingia, wala upande wa kulia pamoja na vinavyotoka. Kipo, kazi haiendi bila ya hicho, lakini hakimo katika hesabu.

Nilipokutana na neno la Kiswahili kwa mara ya kwanza, katika kamusi ya sayansi niliyoiazima maktaba, nilikumbuka kile kijiti cha Pangani, na kwa ujeuri wa ujana niliona kwamba walioteua neno walikosea. Kichocheo cha moto huungua. Kichocheo cha kemia hakiungui. Neno lilikuja na majivu yasiyohitajika. Ilinichukua miaka mingi, na makala moja ya kisayansi ambayo nililazimika kuisahihisha mbele ya watu, kutambua kwamba neno lilikuwa na ukweli kuliko maana niliyoikariri.

Kazi yangu ni kupasua maji. Nasema hivyo nikiulizwa na jamaa nyumbani, nao hucheka, kwa maana maji ukiyapiga hayapasuki. Lakini kwa umeme yanapasuka. Mwaka 1800, mara tu habari za betri ya Volta zilipofika London, William Nicholson na Anthony Carlisle walizamisha nyaya mbili majini wakaona mapovu yakipanda. Upande wa kathodi hutoka hidrojeni, upande wa anodi hutoka oksijeni. Kilo 9 za maji hutoa kilo 1 ya hidrojeni na kilo 8 za oksijeni, na hidrojeni hiyo ikichomwa hurudi kuwa maji. Ndiyo sababu watu wameiwekea matumaini makubwa. Hidrojeni nyingi inayotumika viwandani leo, kutengeneza mbolea na kusafisha mafuta, bado hutokana na gesi asilia na makaa ya mawe, na moshi wake ni ule ule tunaoukimbia. Kama umeme wa jua na wa upepo ungeweza kuitoa majini kwa gharama nafuu, mambo mengi yangebadilika.

Kizuizi hakiko kwenye hidrojeni, kiko kwenye oksijeni. Kinadharia, volti 1.23 zinatosha kupasua maji. Kwa vitendo hazitoshi, kwa sababu ili molekuli moja ya oksijeni izaliwe kwenye anodi, elektroni nne lazima ziondoke, moja baada ya nyingine, na kila hatua ina kizingiti chake. Umeme wa ziada unaolipwa ili kuvuka vizingiti hivyo hupotea kuwa joto. Kichocheo kizuri hupunguza malipo hayo. Katika mitambo yenye utando wa asidi, kinachoaminika hadi leo ni oksidi ya iridiamu, na iridiamu ni miongoni mwa metali adimu kabisa: dunia nzima huzalisha tani chache tu kwa mwaka, nyingi zikitoka Afrika Kusini. Huwezi kujenga ulimwengu mpya juu ya metali ya namna hiyo. Katika maji yenye alkali mlango huwa wazi zaidi, na hapo ndipo oksidi za perovskiti zinapoingia.

Jina hili lilianza na jiwe. Mwaka 1839 Gustav Rose alilieleza madini mapya kutoka milima ya Ural, oksidi ya kalsiamu na titani, akayaita kwa heshima ya Lev Perovski wa Urusi. Leo jina ni la ukoo mzima wa misombo yenye mpangilio ule ule. Ifikirie nyumba yenye vyumba vinavyofanana, bila mwisho, juu na chini, kushoto na kulia. Katikati ya kila chumba anakaa mwenyeji mkubwa: lanthanamu, bariamu, strontiamu au kalsiamu. Kwenye kila pembe kuna metali ndogo zaidi, kama kobalti, chuma, manganizi au nikeli, iliyozungukwa na oksijeni sita. Uzuri wa nyumba hii ni kwamba wapangaji wanabadilishika. Unaweza kumtoa bariamu ukamweka strontiamu, ukapunguza kobalti ukaongeza chuma, na nyumba ikabaki imesimama. Kwa mwanakemia hiyo ni karamu.

Nilianza masomo ya udaktari katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza mwaka 2011, na mwaka huo huo kundi la Yang Shao-Horn wa MIT, mwandishi wa kwanza akiwa Jin Suntivich, lilichapisha katika jarida la Science makala ambayo kila mtu wa fani yangu aliisoma. Walionyesha kwamba uwezo wa perovskiti wa kutoa oksijeni unaweza kukisiwa kwa kuhesabu elektroni katika obiti fulani za metali ya pembeni, na kwamba hesabu bora inakaribia moja. Kwa kanuni hiyo waliuteua msombo wa bariamu, strontiamu, kobalti na chuma, ambao katika maji ya alkali ulilipita oksidi ya iridiamu kwa zaidi ya mara kumi. Nilikuwa nimetoka kwenye chuo ambako tulikuwa tukigawana mizani moja watu kumi na wawili. Kusoma kwamba hesabu ya elektroni iliyofanywa kwa kalamu inaweza kuishinda metali ya thamani kulinifanya nisilale.

Kazi ya kutengeneza perovskiti hufanana na mapishi. Unayeyusha chumvi za metali majini: nitrati ya kobalti ina wekundu wa juisi ya rozela, ya chuma ina zambarau hafifu, za bariamu na strontiamu ni nyeupe. Unatia asidi ya limau na kemikali nyingine ya kuzishika metali zisiachane, unaongeza amonia mpaka macho yakutoke machozi, unachemsha taratibu huku ukikoroga. Maji yanapungua, mchanganyiko unakuwa mzito kama uji wa muhogo, kisha unavimba na kuwa sifongo. Sifongo hilo huingia kwenye tanuri la nyuzijoto 950 kwa saa kadhaa. Asubuhi unatoa unga mweusi usio na mng'ao, ambao mpita njia angedhani ni masizi. Mimi nilikuwa nimemtoa mpangaji mmoja na kumwingiza mwingine kwa kiasi kidogo, na unga wangu ulifanya kazi vizuri kuliko nilivyothubutu kutarajia.

Tena kadiri nilivyoutumia ndivyo ulivyozidi kuwa mzuri. Katika saa ya kwanza na ya pili mkondo wa umeme ulipanda. Nilimwambia msimamizi wangu kwamba unga "unaamka", naye akalipenda neno hilo. Tuliandika makala, na katika makala nikaandika kwamba kichocheo ni imara. Ushahidi wangu ulikuwa grafu ya saa mbili.

Kulikuwa na grafu nyingine. Usiku mmoja niliacha jaribio likiendelea, na asubuhi nikakuta volteji imepanda mno, kichocheo kimechoka. Nilijiambia kwamba unga umebanduka kwenye elektrodi, jambo ambalo hutokea kweli, nikaliweka faili hilo kwenye folda niliyoipa jina la "makosa". Mwaka 2012 kundi lile lile la MIT lilikuwa limeonyesha kwamba uso wa msombo wao maarufu hupoteza mpangilio wa fuwele unapofanya kazi. Niliisoma makala hiyo. Nilijiambia kwamba wanazungumzia wa kwao, si wa kwangu. Makala yetu ilitoka mwaka 2013, ikapokewa vizuri, nikaalikwa kuzungumza mahali pawili. Wahenga walisema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mimi nililitia maji kabla hata sijasifiwa.

Katika jengo letu, mwenye kusafisha maabara zamu ya usiku alikuwa mtu mzima mwenye mvi, mpole, ambaye kwa mwezi mzima tulikuwa tukisalimiana kwa Kiingereza kifupi. Usiku mmoja wa Novemba nilikuwa kwenye simu na mama yangu aliyeko Tanga, nikilalamika kuhusu baridi. Nilipokata simu nilimkuta amesimama na ndoo yake, uso umemng'aa.

"Kumbe unasemaka Kiswahili, mama!"

Alikuwa mtu wa Kolwezi, Katanga. Nilimwita Mzee, akanisahihisha kwa heshima: kwao husema Papa. Tangu usiku huo hatukurudi tena kwenye Kiingereza. Kiswahili chake kilinipa raha na kazi kwa pamoja; alisema "bintu" nikasikia vitu, "banafanya" nikasikia wanafanya, na mara nyingine Kifaransa kilipita katikati ya sentensi kama mgeni asiyebisha hodi. Nikiwa mtu wa mwambao niliyelelewa kuamini kwamba Kiswahili ni cha kwetu na wengine wameazima, nililazimika kukaa kimya na kusikiliza.

Siku moja aliniuliza ninapika nini. Nilimwonyesha chupa ya unga mweusi, nikamtajia kilichomo. Niliposema kobalti, aliichukua chupa, akaigeuza kwenye mwanga wa taa.

"Hii bulongo ya kwetu."

Bulongo ni udongo. Alinieleza kwamba baba yake alifanya kazi mgodini enzi za kampuni ya serikali, na kwamba siku hizo zilipopita, mdogo wake aliingia katika kazi ya kuchimba kwa mikono, pamoja na wale ambao kwao huitwa creuseurs. Wanashuka kwenye mashimo wakiwa na nyundo na taa ya kichwani, wanapandisha jiwe jeusi kwa magunia, wanalipwa kwa uzito na ubora ambao mnunuzi ndiye anayeupima. Shimo moja lilimwangukia mdogo wake. Alitolewa akiwa amevunjika mguu. Baada ya miezi alirudi kuchimba. Papa alinisimulia hayo bila kuomba huruma. Jambo lililomvutia lilikuwa lingine kabisa. Aliirudisha chupa mezani, akauliza swali ambalo wasahihishaji wawili wa jarida hawakuniuliza.

"Inafanya kazi siku ngapi?"

Nilimjibu kwamba kichocheo hakitumiki. Nilijisikia nikitamka ubao wa kidato cha tatu, neno kwa neno. Akatikisa kichwa, si kwa kunikatalia, ila kama mtu anayejua vyombo vya kazi.

"Ni muzuri. Juu kama inaisha, batarudi kuchimba ingine."

Zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani hutoka Kongo, na nyingi ya hiyo hutoka katika eneo lile alikozaliwa mtu aliyekuwa anafuta sakafu mbele yangu. Nililijua jambo hilo. Nilikuwa nimeliandika katika utangulizi wa tasnifu, katika aya inayohusu bei. Lakini sikuwahi kuliunganisha na ile folda ya "makosa". Nilitembea hadi nyumbani usiku ule kwa mguu, basi lilipita nikaliacha. Uimara, ambao mimi niliufanya neno la mwisho katika muhtasari, kwa mtu mwingine ulikuwa ndio hesabu yenyewe: kichocheo kinachoishi miaka kumi kinataka shimo moja, na kinachoishi mwaka mmoja kinataka mashimo kumi.

Wiki iliyofuata nilianza jaribio la saa 120. Nilichukua maji ya jaribio kila siku na kuyapima. Siku ya kwanza tayari yalikuwa na bariamu na strontiamu. Siku ya tano yalikuwa nazo zaidi. Wale wenyeji wakubwa wa vyumba walikuwa wakihama, mmoja mmoja, na kuyeyukia majini. Chini ya hadubini ya elektroni, kila punje ya unga ilikuwa na kiini chenye mistari iliyonyooka ya fuwele, na kukizunguka palikuwa na ganda la nanomita chache lisilo na mpangilio wowote. Kule "kuamka" nilikokusifia kulikuwa ni ngozi inayovunjika, eneo la uso likiongezeka kwa sababu nyumba inabomoka. Kwa muda fulani kubomoka huko kunasaidia. Baadaye kunamaliza.

Tulipopata nafasi ya kutumia mashine kubwa ya eksirei, tuliona kwamba kobalti iliyo katika ganda lile haikai tena kama ilivyokaa katika perovskiti. Mazingira yake yalifanana na ya oksidi-hidroksidi ya kobalti. Mwaka 2017 watafiti wa Taasisi ya Paul Scherrer, Uswisi, walionyesha kwa vipimo bora kuliko vyangu kwamba hata ule msombo maarufu hujijengea ganda la namna hiyo, la kobalti na chuma, wakati unapofanya kazi, na kwamba ganda hilo ndilo siri ya nguvu yake. Mwaka huo huo, kwa kutumia oksijeni nzito, watafiti wengine walithibitisha kwamba baadhi ya perovskiti hutoa oksijeni iliyokuwa ndani ya fuwele yenyewe, sambamba na ile ya maji. Kichocheo hakisimami juu ya mshale kikitazama. Kinaingia, kinatoa sehemu ya mwili wake, kinatoka kikiwa kitu kingine.

Kuna jambo moja lililonikalisha chini. Oksidi-hidroksidi ya kobalti ipo ardhini. Wanajiolojia huiita heterojeniti. Ni madini meusi, na ndiyo miongoni mwa mawe yanayochimbwa Kolwezi. Jiwe lilitolewa shimoni, likayeyushwa kwa asidi, likasafishwa, likavuka bahari, likauzwa kwa chupa, nikalipika kwa nyuzijoto 950 ili liwe nyumba yenye vyumba vilivyopangwa kwa kanuni ya elektroni. Nilipolitia umeme, uso wake ulirudi kuwa karibu na kile kilichokuwa kwenye gunia.

Nilimweleza Papa. Nilihangaika na maneno, nikachora kwenye karatasi, mwishoni nikasema tu: "Imerudi kuwa bulongo." Alicheka mpaka akaegemea ufagio wake. Kisha akasema kwamba mdogo wake angetaka kuisikia habari hiyo, na akaomba ile karatasi.

Msimamizi wangu nilipompelekea grafu za saa 120, pamoja na ile ya usiku niliyoificha, alikaa kimya kwa muda. Hakunikemea. Alisema, "Andika." Tulituma sahihisho kwa jarida, nami nikaibomoa sura nzima ya tasnifu na kuijenga upya. Udhamini wangu ulikwisha miezi tisa kabla ya kumaliza. Nilifunga vifurushi kwenye ghala usiku na kuandika mchana, na kwa simu nilimwambia baba yangu kwamba mambo yanakwenda. Kazi ya utafiti niliyokuwa nimeahidiwa kwa ajili ya makala ile ilikwenda kwa mtu mwingine. Nataja haya kwa sababu njia ya mwongo ni fupi, na wanaoimaliza njia hiyo wakarudi nyuma wanapaswa kuwaeleza wengine ni umbali gani. Sikughushi tarakimu hata moja. Nilichagua tu mahali pa kuikata grafu.

Watafiti wengi wa fani yangu sasa wanajitahidi kuipunguza kobalti au kuiondoa kabisa, wakitumia nikeli na chuma, nami ni mmoja wao. Sidai kwamba hilo litamletea faraja mtu wa Kolwezi. Huenda likamletea njaa, kama jiwe lake likikosa mnunuzi. Papa mwenyewe aliniambia hivyo, kabla hajahamia kwa binti yake katika mji mwingine. Ninachodai ni kidogo zaidi: kinachowekwa juu ya mshale nacho kihesabiwe. Bibi yangu alilijua hilo bila mlinganyo. Alikuwa na kijiti kimoja mkononi, na daima kingine kikikauka juu ya dari.

Katika kundi langu la maabara leo kuna sharti moja ambalo wanafunzi wapya huliona la ajabu. Kila grafu huandikwa pembeni idadi ya saa zote ambazo jaribio lilikwenda, na faili la jaribio halifutwi wala halipewi folda ya peke yake. Juzi mwanafunzi wa mwaka wa pili aliniletea karatasi yenye saa 340. Mstari ulikuwa umenyooka vizuri hadi saa ya 290, kisha ukaanza kuporomoka. Hakuwa ameukata. Alisimama mlangoni akisubiri nitasema nini, nikamvutia kiti.